Maneno Niliyomlisha Injinia Adyero

Mbuya, Kampala
Tarehe 3 Juni, 2025

Kwa Hajati Bushira,

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe kwa barua ndefu, maana mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu na sijui kufupisha, tena leo majirani wengi wamekwenda kuhiji Namugongo kwa miguu, nyumba yote imenyamaza, nimebaki mimi na kalamu. Kila Alhamisi nakusikiliza ukisoma barua za watu redioni na kuwajibu kwa Kiswahili, na ninapenda kwamba humbembelezi mtu.

Nilikuwa na mtoto mmoja, jina lake Ayaa. Alikuwa injinia mkuu wa mitambo katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia huko Kawempe, mwanamke wa kwanza kukaa katika kiti hicho, na mwezi wa pili mwaka huu bomba la boila lilipasuka, mvuke ukajaa chumba, yeye akawatoa watu wanane, halafu akarudi ndani kufunga vali kwa mkono, na safari hiyo alitolewa kwenye machela. Alikaa hospitali ya Mulago siku nne. Tukamzika nyumbani, upande wa Gulu, karibu na baba yake. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu na alikuwa bado anakata kucha zake fupi sana kama nilivyomzoesha akiwa mdogo.

Hajati, sikuandikii ili unipe pole, pole nimepewa nyingi mpaka sina pa kuziweka. Nakuandikia kwa sababu naamini ni mimi niliyemuua, na tarehe 28 mwezi huu wanataka nisimame mbele ya watu niyarudie maneno yaliyomuua.

Nianze mwanzo. Mume wangu, marehemu Ocira, alikuwa koplo hapa kambini, na siku ambazo hakuwa zamu alikuwa VJ, yaani yule mtu anayekaa na maikrofoni kando ya televisheni akitafsiri filamu kwa mdomo huku watu wanatazama. VJ wengi wa Kampala hutafsiri kwa Kiganda, lakini kwetu walikuwepo Waacholi, Walango, Wanubi, Wateso, hata Wakongo, na lugha ya wote ilikuwa Kiswahili, basi Ocira alitafsiri kwa Kiswahili. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, kina mabenchi sita, na mlangoni tulitundika blanketi la jeshi ili mwanga usiingie.

Mwaka mmoja akaletewa boksi la kanda, mfululizo mrefu wa meli inayokwenda angani kati ya nyota miaka na miaka na haifiki. Sisi tulikuwa tumezoea filamu ambazo mwanamke analia, anatekwa, anaokolewa, na hata zile za angani mwanamke anakaa na kidude sikioni akipokea salamu za wanaume. Lakini katika meli hii injinia mkuu alikuwa mwanamke. Alikuwa na ovaroli lenye madoa ya mafuta, spana mfuko wa nyuma, nywele amezifunga kitambaa kama mtu anayekwenda kisimani, na nahodha mwenyewe, mwanaume, akitaka meli iende mbio ilibidi amwombe, na yeye akisema haiwezekani, haiwezekani. Ocira alijaribu kuitoa sauti yake, ikatoka kama mbuzi, watu wakacheka mpaka filamu ikaharibika. Akaniita, "Njoo hapa, Mama Ayaa, huyu mwanamke amenishinda."

Basi nikawa ninakaa naye. Kiingereza nilijua kidogo, yeye alijua zaidi kidogo, akawa ananinong'oneza na mimi nasema. Jina la yule injinia lilikuwa gumu, tukamwita Adyero.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, Hajati. Kulikuwa na sajenti mmoja, Odyek, hakuwahi kukosa, alikuwa anapiga kelele kutoka benchi la nyuma, "Ocira! Mkeo amekupita cheo! Sasa nyumbani nani anapiga saluti?" na mimi bila kutoka kwenye sauti ya Adyero namjibu kwa maikrofoni, "Wewe wa nyuma, nyamaza, au nikufungie nje ya meli uende Kawempe kwa kuogelea hewani," na kibanda kizima kinatikisika. Siku nyingine akauliza, "Injinia, na chakula unapika saa ngapi?" nikamwambia, "Mume wangu anapika. Muulize, yuko hapa kando yangu," na Ocira akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Ni kweli, afande, leo nimepika mboga ya malakwang."

Ayaa alikuwa na miaka tisa. Alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, karibu na spika, kijiko kimechomekwa mfuko wa nyuma wa kaptula, hiyo ndiyo spana yake.

Jumapili moja mchana ikaja ile sehemu ambayo injini ya meli inataka kulipuka. Taa nyekundu, moshi, watu wanakimbia, na Adyero amesimama anawaambia kitu kwa haraka sana. Jenereta lilikuwa linanguruma nje, Kiingereza kikapita kama upepo, nikamtazama Ocira, naye hakuambulia kitu. Akanipiga kiwiko. "Sema! Sema kitu!" Kwa maana VJ hanyamazi, filamu ikinyamaza watu wanatoka nje na hawarudi. Nikasema yaliyokuja mdomoni. Hapa kambini wakubwa walikuwa na usemi, mkubwa hula mwisho, mkubwa hutoka mwisho, nilikuwa nausikia tangu niolewe. Nikasema kwa sauti ya Adyero, "Nyinyi tokeni. Injinia mkuu hutoka mwisho."

Watu walisimama. Walipiga mabati kwa ngumi mpaka kuku wa majirani wakaruka. Odyek, yule yule wa kejeli, alisimama akapiga saluti kwa televisheni. Na mimi nilipomwangalia Ayaa, alikuwa amefungua mdomo na kijiko kimemwanguka.

Jioni nilipokuwa namwosha miguu akaniuliza, "Mama, Adyero haogopi?" Nikamwambia, "Anaogopa, lakini ana kazi." Hayo pia niliyatunga.

Kuanzia siku ile watu waliyataka yale maneno kila mara, na mimi nikawapa, nikayatia hata mahali ambapo midomo ya yule mwanamke haikufunguka. Ayaa akakua nayo. Alisoma, akafika chuo kikuu, akaajiriwa, akapanda. Kiwandani wanaume walimwita Madamu Boila, wakawa wanasema mbele yake, "Filimbi ya hatari ikilia huyu atakuwa wa kwanza getini, viatu mkononi," na yeye anawajibu kwa maneno yangu, "Nyinyi tokeni, injinia mkuu hutoka mwisho." Aliyaandika kwa wino ndani ya helmeti yake. Alinionyesha mwenyewe akicheka, "Mama, tazama, nimekuajiri."

Kule Mulago alikuwa amefungwa bandeji, yameachwa macho na mdomo. Akaniuliza, "Walitoka?" Nikasema, "Walitoka, mwanangu." "Wote wanane?" "Wote wanane." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kule ndani nilikuwa naisikia sauti yako."

Nilifurahi, Hajati. Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliwasimulia watu jambo hilo msibani.

Sasa, mwezi wa nne, stesheni moja ya televisheni ikaanza kurusha ule mfululizo wa zamani, kwa Kiingereza chake, bila VJ. Nina jirani yangu Halimah, mjane kama mimi, alifanya kazi ya simu jeshini miaka mingi na Kiingereza chake kimenyooka. Baada ya swala ya alasiri huja tukanywa chai. Nilipomwona Adyero nikapiga kelele kama mtoto, nikamwambia Halimah, "Ni yeye! Kaa, kaa, utasikia maneno ya Ayaa." Kila siku tukatazama, nikingoja. Siku ikafika ile sehemu ya taa nyekundu na moshi. Nikayasema pamoja naye, kwa sauti, machozi yananitoka. Nikaona Halimah ananitazama.

"Mama Ayaa," akasema polepole, "hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Iacheni, ni chuma tu. Twendeni wote.'"

Nikatazama tena picha, safari hii kwa macho ambayo hayatafuti la kusema. Anatoka, Hajati. Amemshika mkono mtu mmoja aliyeumia, wanatoka pamoja, yeye yuko katikati, hata wa mwisho siye. Meli inalipuka nyuma yao haina mtu. Na sehemu iliyofuata wamepewa meli nyingine, yeye yumo, ana kitambaa kipya kichwani. Halimah akasema, "Wallahi mimi nilidhani ulikuwa unajua."

Sikujua. Miaka yote ile nilikuwa kando ya picha, natazama watu wanavyopiga mabati.

Wiki mbili zilizopita wakaja watu wa kiwanda, meneja na wenzake wawili, wamevaa suti, wameleta mkate na sukari na mchoro wa jiwe. Wataliweka ukutani kando ya mlango wa chumba cha boila. Limeandikwa jina la mwanangu, chini yake Injinia Mkuu, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, INJINIA MKUU HUTOKA MWISHO. Meneja akasema, "Mama, wewe ni mama wa shujaa. Tunaomba siku hiyo uvute kitambaa, halafu utuambie kwa maikrofoni, kwa ile sauti. Wafanyakazi wote wanaijua hadithi." Nikakubali. Sikuwa na nguvu ya kusema vingine, na mchoro ulikuwa mzuri.

Siku iliyofuata akaja Docus. Huyu ni binti wa miaka ishirini na sita, Ayaa ndiye aliyemfundisha kazi, na sasa amekalishwa katika kiti cha Ayaa. Alipiga magoti kunisalimu. Akatoa helmeti yake kwenye mfuko, akaigeuza, nikaona ndani ameandika maneno yale yale, kwa mwandiko mzuri kuliko wa Ayaa. Akasema kwa ule upole wa Kiganda, "Bambi, mama, nikiyasoma asubuhi moyo unatulia." Nikamuuliza kama ile vali imetengenezwa. Akasema, "Bado tunafunga kwa mkono, mama." Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua bado haijanyesha.

Nilimpa chai akanywa akaenda. Sikusema kitu.

Nikisema ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya mwanangu maneno yake akiwa kaburini, na wale wanaume watasema Madamu Boila alikufa kwa tafsiri ya mama asiyejua Kiingereza. Nikinyamaza, Docus atalisoma jiwe hilo kila asubuhi akiingia. Halimah ananiambia, "Nyamaza, marehemu hasahihishwi." Lakini nikifumba macho namwona Docus akipiga magoti na kuigeuza helmeti yake.

Hospitali walinipa mfuko wa Ayaa. Ndani mlikuwa na kitana, kopo la chakula lenye vipande viwili vya muhogo ambavyo hakuvila, na barua tatu zenye mhuri, nakala za zile alizokuwa amewaandikia wakubwa wake kuhusu vali, sizielewi sana, nimeziweka ndani ya Biblia ya Ocira. Muhogo nilikaa nao siku tatu kabla ya kuutupa.

Niambie nifanye nini, Hajati. Sili vizuri, nikisikia sauti yangu mwenyewe naichukia, hata kuku nawaita kwa kupiga sahani. Unikumbuke, na umkumbuke Ayaa kwa jina lake.

Ni mimi,
Mama Ayaa


JIBU LA HAJATI BUSHIRA

Mama Ayaa,

Pole. Najua huna pa kuiweka. Iweke juu ya zile nyingine, kisha kaa chini, kwa sababu nitakugombeza na sitaki uanguke.

Umeniuliza kama maneno yako yalimuua mwanao. Mtu mwingine atakuambia hapana, futa machozi, ni mapenzi ya Mungu. Mimi sitakudanganya. Maneno yako yalikuwemo mle ndani. Yeye mwenyewe alikuambia aliyasikia, na wewe utaishi na hilo, sina dawa yake na hakuna mwenye dawa yake.

Lakini soma tena barua yako. Nilipoipokea niliisoma mara tatu. Kibanda umekiandikia kurasa, kijiko umekiandikia, kuku wa majirani umewaandikia, na zile barua tatu za mwanao umezipa mstari mmoja, katikati ya kitana na muhogo. Umeziweka kwenye Biblia! Mama Ayaa, umekuwa VJ kwa mara ya pili. Mwanao anasema jambo, wewe hukulielewa, ukajaza lako.

Barua ya kwanza, hata bila kuiona, nakuambia inasema nini. Inasema vali hii ifungwe kutoka nje, mtu asiingie. Ya pili inasema hivyo hivyo kwa ukali. Ya tatu inasema tafadhali. Mtu anayetaka kufa kishujaa haandiki barua tatu kuomba vali. Ayaa hakuwa tena mtoto wa kibanda aliyedondosha kijiko. Alikuwa injinia, na alikuwa anawaambia wakubwa wake, kwa mhuri, jambo lile lile ambalo yule mwanamke wa kwenye meli aliwaambia watu wake. Hakuhitaji tafsiri yako kulijua. Hawakumsikia. Siku bomba lilipopasuka, njia ya kufunga ilikuwa imebaki moja, mkono wa mtu, na aliyejua kuifunga hivyo ni yeye. Ndipo sauti yako ikamkuta. Ilimkuta akiwa ameshafungiwa milango mingine yote, na si wewe uliyeifunga.

Sasa tazama jiwe. Nani amechagua maneno yale? Wewe umeona mchoro mzuri. Mimi nimeona watu ambao kutengeneza vali kumewashinda mpaka leo, na kuchonga jiwe hakujawashinda. Jiwe hilo halimkumbuki Ayaa, linamfundisha Docus. Linamwambia kila asubuhi kwamba vali mbovu ni jambo la kawaida na kwamba mtu mzuri ni yule anayeifuata ndani. Na wewe wanataka ulisomee hilo jiwe kwa sauti yako, ili limwingie vizuri.

Na nikuulize jambo lingine. Nahodha wa ile meli alikuwa mwanaume. Katika miaka yote ya kanda zile, kuna siku mlimtungia yeye maneno ya kufa ili astahili kiti chake? Hamkumtungia. Alikuwa nahodha, basi. Lakini mwanamke alipokabidhiwa mitambo, kibanda kizima kilingoja kuona atalipa nini, na ulipowaambia atalipa roho yake, ndipo Odyek akapiga saluti. Waliotunga picha ile walimpa kazi na wakamrudisha nyumbani. Ni sisi tuliomwongezea deni. Sikulaumu wewe peke yako, hata mimi ningepiga mabati.

Halimah ni jirani mwema, na msalimie, lakini hapo amekosea. Marehemu hatumsahihishi. Ayaa hana kosa la kusahihishwa. Tunayemsahihisha ni wewe, na wewe uko hai, unakunywa chai.

Kwa hiyo fanya hivi, na usingoje tarehe 28.

Kesho zitoe barua zile kwenye Biblia. Halimah akusomee kila neno, hata yale ya mitambo, hata kama mtalia. Zitolewe nakala, na nakala zisikae nyumba moja na barua zenyewe. Kisha nenda na Halimah kwa afisa wa kazi wa wilaya, na kwa wanasheria, wapo akina mama wanasheria hapa Kampala wanaosaidia wajane, nitakutajia pembeni, si hewani. Usiende kuomba. Nenda useme, mwanangu aliandika mara tatu na vali bado inafungwa kwa mkono, na kuna mtoto mwingine amekaa katika kiti chake.

Kisha mwite Docus. Si kiwandani, nyumbani kwako. Mpe chai, na safari hii usimwache aende kabla hujasema. Tafuteni ile sehemu ya taa nyekundu, iko kwenye simu za vijana, haikosekani. Halimah atafsiri, wewe unyamaze. Halafu mwambie kama ulivyoniambia mimi: nilikuwa sijui, nikajaza, watu wakapiga mabati. Atakuangalia vibaya. Anaweza kulia, anaweza kukasirika akaondoka bila kuaga, kubali. Mpe nakala ya zile barua, azipeleke yeye kwa jina lake, na mwambie kwa kinywa chako kwamba asiingie mle ndani mpaka vali itengenezwe. Helmeti yake usiiguse. Atajua mwenyewe la kufuta.

Halafu meneja. Mwambie mapema, mbele ya shahidi, kwamba maneno ya jiwe yabadilike. Akikataa, kitambaa avute yeye. Akikubali, au hata akikataa na bado maikrofoni ikakufikia mkononi, hiyo kazi unaijua kuliko mtu yeyote atakayekuwa pale. Usihutubie. Toa ile sauti, ile ile iliyomnyamazisha Odyek, na umtafsiri Adyero sawasawa kwa mara ya kwanza: "Iacheni, ni chuma tu. Twendeni wote." Kisha rudisha maikrofoni. Wale wanane watakuwepo. Waache wasikie.

Siwezi kukuahidi kwamba huzuni itapungua. Tarehe 29 itakuwa Jumapili, utaamka, Ayaa hatakuwepo, na kuku watakuwa wanangoja. Waite kwa sauti yako. Si kwa sababu umepona. Ni kwa sababu sauti hiyo ndiyo Ayaa aliyokuwa nayo kule ndani, na kama alikuwa na kitu kingine cha kushika katika mvuke ule, wewe na mimi hatukijui.

Nimemtaja Ayaa kwa jina katika swala ya alfajiri leo, kama ulivyoomba. Na mimi nina ombi. Siku hiyo, ukishashika maikrofoni, kabla hujasema, nitaje kidogo moyoni mwako. Mwaka wa kumi na saba huu naongea kwenye redio, barua zinakuja, muda ni mfupi, na zipo nyingi ambazo sikuzielewa vizuri nikasema lililokuja mdomoni. Sijui maneno yangu mangapi yameandikwa ndani ya helmeti za watu.

Unikumbuke.